Katika Lita au Hadi Lita: Uhakiki wa Lugha ya Hesabu za Kemia kwa Kuzingatia Hali ya Liboi

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, mengi yameandikwa juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba elimu ya sayansi. Kwa sehemu kubwa mjadala huo umekuwa mjadala wa maneno: neno litoholewe au liundwe, lichukuliwe kutoka Kiarabu au kutoka lugha za Kibantu, liwe refu na la wazi au fupi na la mkato. Kazi iliyofanywa si haba. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi tosha kwamba istilahi za msingi zipo na zinaweza kutumika.

Hata hivyo, mwanafunzi wa kemia haulizwi maneno, huulizwa sentensi. Anaambiwa kwamba kiasi fulani cha kitu kimetiwa katika kiasi fulani cha kitu kingine, kisha anatakiwa aseme kuna nini katika kila lita, au ni gramu ngapi za kitu cha tatu zitakazopatikana. Akishindwa, mara nyingi si kwa kutojua kugawanya wala kuzidisha, bali kwa kutotambua ni nini kinachogawanywa kwa nini. Uhusiano huo hauwi ndani ya istilahi. Uko katika vineno vidogo vinavyoziunganisha: katika, hadi, kwa, kila, -a, -enye.

Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha hiyo ya hesabu za uwiano na ukolezo, yaani ile sehemu ya kemia inayoitwa stoikiometria pamoja na hesabu za mimumunyo. Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo ni Liboi, mji mdogo wa Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia. Sababu mbili zimeongoza uteuzi huo. Kwanza, Kiswahili si lugha ya mama ya wenyeji wa Liboi, na kwa hiyo madai mengi tuliyoyazoea kuhusu Kiswahili na sayansi hayawezi kupita pale bila kuulizwa maswali. Pili, hesabu ya ukolezo pale si jambo la darasani tu.

2. Istilahi na msikilizaji wake

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba mtoto ataielewa sayansi akifundishwa kwa lugha anayoijua. Hoja hii ndiyo iliyoipa nguvu ripoti ya Tume ya Makweta ya mwaka 1982, iliyopendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Ni hoja nzuri, lakini inategemea masharti. Inamtaka mtoto awe anakijua Kiswahili kabla ya kuingia darasani.

Chukua istilahi ukolezo. Kwa mtoto wa Lamu au wa Unguja, neno hili halihitaji kufafanuliwa sana. Amesikia nyumbani kwamba chai imekolea majani, kwamba mchuzi haujakolea chumvi, kwamba rangi ya nguo imekolea. Anapoambiwa kwamba mmumunyo mmoja una ukolezo mkubwa kuliko mwingine, jiko la mama yake tayari limekwisha kumfundisha nusu ya somo. Hali kadhalika neno kuzimua: ameona uji mzito ukizimuliwa kwa maji, na maziwa yakizimuliwa ili yatoshe wageni. Istilahi hizi ni mafanikio ya kweli, kwani zimechukua ujuzi wa kila siku na kuupa mipaka ya kitaaluma.

Mtoto wa Liboi hana jiko hilo la maneno. Chumvi kwake ni cusbo, sukari ni sonkor, maji ni biyo, maziwa ni caano. Kiswahili anakipata shuleni, sokoni na kwa watumishi wa serikali waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Kuanzia mwaka wa nne wa shule ya msingi anafundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza atafanya mtihani wa kemia. Kwake yeye neno ukolezo ni geni kama lilivyo neno moli. Uwazi unaosifiwa na wanaistilahi ni uwazi wa msikilizaji fulani tu.

Tena historia ya mpaka ule inakataza kudhani kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha pekee zenye madai. Somalia ilipokubali hati ya Kilatini mwaka 1972, Kisomali kilianza kuandikwa rasmi, na katika miaka iliyofuata kikawa lugha ya kufundishia hata katika shule za sekondari, masomo ya sayansi yakiwamo. Utawala wa Siad Barre ulipoanguka mwezi Januari mwaka 1991, maelfu ya watu walivuka mpaka kupitia Liboi. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma sayansi kwa Kisomali. Wajukuu wao, waliozaliwa upande wa Kenya, wanaisoma kemia kwa Kiingereza, na wanaambiwa na watetezi wa Kiswahili kwamba wangeielewa vyema zaidi kwa Kiswahili. Dai hilo halina budi kuthibitishwa, na halithibitishwi kwa orodha ya istilahi.

3. Uzani, ujazo na idadi

Ugumu wa kwanza wa hesabu za kemia ni kwamba zinahamisha mawazo baina ya aina tatu za vipimo: uzani kwa gramu, ujazo kwa lita, na idadi kwa moli. Moli moja ni idadi ya chembe 6.022 × 10²³, kwa kukadiria. Si uzani wala si ujazo. Mwanafunzi asiyeushika ukweli huu atakosea mwanzo hadi mwisho.

Kiswahili cha biashara ya pwani kilizitenganisha aina hizi tatu zamani. Frasila ilikuwa ya uzani, pishi na kibaba vilikuwa vya ujazo, na korija ilikuwa ya idadi, yaani vitu ishirini. Boriti za mikoko ziliuzwa kwa korija, na fito pia kwa korija. Hakuna mfanyabiashara aliyedhani kwamba korija ya fito ina uzito sawa na korija ya boriti kwa kuwa zote ni korija. Huo ndio ukweli wa moli: moli moja ya hidrojeni, ikiwa gesi, ni gramu 2, na moli moja ya oksijeni ni gramu 32. Idadi ni ile ile, uzani ni mbalimbali.

Kasoro ya maelezo mengi ya Kiswahili ni kuvifunika vipimo vyote vitatu kwa neno moja, kiasi. "Tafuta kiasi cha oksijeni kinachohitajika" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini haisemi kama kinachotafutwa ni gramu, lita au moli. Katika mazungumzo ya kawaida ulegevu huu hauna madhara. Katika kemia unaleta kosa linalojulikana na kila mwalimu. Mlinganyo wa kuungana kwa hidrojeni na oksijeni kufanya maji, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, unasema kwamba moli mbili za hidrojeni huhitaji moli moja ya oksijeni. Mwanafunzi anasoma "kiasi cha mbili kwa moja", kisha anaandika kwamba gramu 4 za hidrojeni zinahitaji gramu 2 za oksijeni. Jibu sahihi ni gramu 32. Hakukosea kugawanya. Alipewa neno moja kwa vitu vitatu, akachagua kilicho karibu.

Je, korija inamsaidia mtoto wa Liboi? Haimsaidii, kwani mikoko iko mbali naye, na hata pwani neno lenyewe linafifia. Lakini ujuzi uliomo ndani yake anao tayari. Pale Liboi ngamia huhesabiwa kwa kichwa, maziwa hupimwa kwa chombo, na nyama na sukari hupimwa kwa kilo. Hakuna mfugaji anayechanganya mambo haya. Ngamia kumi na mbuzi kumi ni kumi na kumi, wala hakuna atakayekubali kuwabadilishana. Kwa hiyo kinachopaswa kuhamishwa kutoka pwani si neno korija bali ile desturi ya kutaja aina ya kipimo. Sentensi iseme "uzani wa oksijeni", "ujazo wa mmumunyo", "idadi ya moli", na neno kiasi liachiwe mazungumzo.

4. Baina ya "-a" na "-enye"

Ugumu wa pili umo katika ile -a ya uhusiano, ambayo ni tegemeo kubwa la Kiswahili na wakati huo huo ni mlango wa utata. Tazama kirai hiki: "mmumunyo wa chumvi wa gramu 5". Je, gramu 5 ni uzani wa mmumunyo wote au wa chumvi iliyomo? Sarufi inaruhusu tafsiri zote mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa "mmumunyo wa asilimia 5", ambao hausemi kama asilimia hiyo ni ya uzani kwa uzani au ya uzani kwa ujazo.

Lugha yenyewe ina dawa ya utata huu. Neno -enye halionyeshi uhusiano wowote tu, bali linaonyesha umiliki. "Mmumunyo wenye gramu 5 za chumvi" una maana moja. Ukiongezewa "katika kila sentimita za ujazo 100", hauachi shaka. Sentensi imerefuka, ni kweli, na wapo wanaoona urefu kuwa udhaifu. Lakini ufupi unaomwachia mwanafunzi kubahatisha si ufupi wa kitaaluma.

Tofauti hiyo hiyo inafaa katika kuisoma milinganyo. Mwanafunzi anayeanza huona namba mbili katika 2H₂O, moja mbele na moja chini, na hazitofautishi. Mwalimu akisema "mbili za hidrojeni" kwa zote mbili, amezifanya kuwa kitu kimoja. Akisema "molekuli mbili za maji, kila moja yenye atomi mbili za hidrojeni", basi "za" imehesabu molekuli na "yenye" imeeleza muundo wake. Hapa viambajengo vya sarufi vinafanya kazi ambayo istilahi haiwezi kuifanya.

Tena kuna hazina ambayo waandishi wa sayansi hawajaitumia ipasavyo, nayo ni mahali pa ndani: mu-, mna, -mo. Lugha nyingi zinahitaji maneno kadhaa kueleza kilicho ndani ya chombo. Kiswahili kinasema "chumvi iliyomo". Tofauti ya "chumvi iliyotiwa" na "chumvi iliyomo" ndiyo msingi wa hesabu yote ya kuzimua. Ukiongeza maji katika mmumunyo, hakuna chumvi iliyotiwa, na chumvi iliyomo ni ile ile. Kilichobadilika ni ujazo, na kwa hiyo ukolezo. Mwanafunzi aliyeielewa sentensi hiyo ameielewa kanuni nzima kabla ya kuonyeshwa herufi za aljebra.

Tofauti hii ina uzito wa pekee Liboi. Maji ya visima virefu vya eneo lile hutoka katika mwamba wa maji wa Merti, unaotambaa chini ya ardhi kutoka upande wa Habaswein kupita Dadaab hadi Liboi na ng'ambo ya mpaka. Sehemu za katikati zina maji matamu, na kadiri mtu anavyokaribia kingo ndivyo chumvi inavyozidi. Mtoto anayechota maji yaliyokolea chumvi anajua kwa ulimi wake kwamba kuna chumvi iliyomo ambayo hakuna mtu aliyeitia. Vitabu vinavyosema "maji" vikimaanisha maji yasiyo na kitu vinamtaka asahau anachokijua.

5. Katika, hadi na kwa

Ugumu wa tatu ndio mkubwa, na ndio uliolipa makala haya jina lake. Ukolezo kwa moli huhesabiwa kwa lita ya mmumunyo, si kwa lita ya maji. Sentensi mbili zifuatazo zinafanana mno:

(a) Mumunyisha gramu 342 za sukari katika lita moja ya maji.
(b) Mumunyisha gramu 342 za sukari katika maji, kisha ongeza maji hadi mmumunyo ufike lita moja.

Gramu 342 ni moli moja ya sukari ya kawaida. Anayefuata (b) atapata mmumunyo wa moli moja kwa lita. Anayefuata (a) atapata takriban lita 1.2, kwa kuwa sukari nayo inachukua nafasi, na ukolezo wake utakuwa kama moli 0.83 kwa lita. Tofauti yote imetokana na neno "hadi". Mfasiri asiyejua kemia hulidondosha neno hilo kwa kuona kwamba sentensi inasomeka vizuri bila yake.

Kosa la jamaa moja na hilo hutokea katika kuzimua. "Ongeza maji mara kumi" na "zimua hadi ujazo uwe mara kumi" huchukuliwa kuwa sawa. Sivyo. Ukiwa na sentimita za ujazo 10 za mmumunyo wa moli 1 kwa lita, agizo la kwanza linakufanya uongeze 100 na kufikia 110, na ukolezo unashuka hadi moli 0.091. Agizo la pili linakufanya uongeze 90 tu na kufikia 100, na ukolezo unakuwa moli 0.1. Vivyo hivyo "punguza kwa robo" na "punguza hadi robo" hutofautiana kama vile robo tatu na robo moja. Kiswahili kinazitofautisha barabara. Waandishi wake ndio wasiojali.

Sasa itazamwe sentensi moja ya aina hii nje ya darasa. Paketi ya chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, ambayo wengi huiita ORS, kwa fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hutayarishwa kwa lita moja. Katika kila lita mna gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 13.5 za glukosi, jumla gramu 20.5. Glukosi ikigawanywa kwa 180, uzani wa moli yake moja, inapatikana moli 0.075, yaani milimoli 75. Sodiamu nayo, kutoka katika chumvi zake mbili, ni milimoli 75. Jumla ya vyote vilivyomo ni milimoli 245 kwa lita, chini kidogo ya kiwango cha damu, na kwa sababu hiyo maji huingia mwilini kwa urahisi.

Katika paketi hii tofauti ya "katika lita" na "hadi lita" ni ndogo, kwani gramu 20.5 hazichukui nafasi kubwa. Kinachoua ni lita yenyewe. Mama asiye na chombo cha lita, akaimumunyisha paketi nzima katika nusu lita, amemwandalia mtoto kinywaji chenye milimoli 490 kwa lita. Kinywaji hicho kimekolea kuliko damu, na huyavuta maji kutoka mwilini kuyapeleka utumboni. Dawa imegeuka kuwa kinyume chake, na chumvi imezidi mwilini mwa mtoto aliyekwisha kukauka. Akiitia katika lita mbili, chumvi inayorudishwa haitoshi. Anayetengeneza nyumbani huambiwa atie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Hapo neno lenye uhai ni "vimesawazishwa", maana kijiko cha kichuguu si kipimo.

Njia ya Liboi imepitiwa na watu wengi waliohitaji kinywaji hicho. Walipita mwaka 1991 na 1992, kambi zilipofunguliwa Liboi kwenyewe, kisha Ifo, Dagahaley na Hagadera. Walipita tena mwaka 2011 wakati wa njaa kusini mwa Somalia. Mwishoni mwa mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika kambi za Dadaab. Katika nyakati hizo zote, sentensi ya "paketi moja kwa lita moja" ilipaswa kutoka kwa mwandishi, ipite kwa mfasiri, ifike kwa mhudumu wa afya, na hatimaye ifike kwa mama, pengine katika lugha ya tatu au ya nne. Katika safari hiyo istilahi haihitajiki sana. Mama hahitaji neno ukolezo. Anahitaji "paketi yote", "lita moja", "usipunguze maji".

6. Pingamizi mbili

Huenda ikasemwa kwamba kemia ni alama na namba, na kwamba lugha ni vazi tu la nje. Pingamizi hili linajibiwa na mifano iliyokwisha tolewa. Aliyepata moli 0.1 na aliyepata moli 0.091 wanajua hesabu sawasawa. Wametofautiana katika kusoma. Namba huanza kazi baada ya sentensi kufahamika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa wenyeji wa Liboi ni Wasomali, kwa nini wasifundishwe kwa Kisomali, lugha ambayo imekwisha kufundishia sayansi? Swali ni la haki, wala mpenzi wa Kiswahili hana ruhusa ya kulipuuza. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Kiswahili, ambacho Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ndicho wanachokutania mwalimu kutoka Kitui, mwuguzi kutoka Kakamega na mwanafunzi wa Liboi. Lakini nafasi hiyo ya kukutania haipatikani kwa sheria peke yake. Lugha ya watu wanaokutana inapaswa kuwa wazi kwa yule ambaye si yake. Kiswahili cha sayansi kinachoeleweka kwa Mswahili wa pwani pekee kitakuwa kimerudia kosa lile lile ambalo Kiingereza kinalaumiwa kwalo.

7. Hitimisho

Yaliyochunguzwa hapa yanaonyesha kwamba udhaifu wa Kiswahili cha kemia haupo sana katika upungufu wa istilahi. Upo katika kuachwa kwa sentensi. Neno kiasi limetwishwa mizigo mitatu, -a imeachiwa kazi ya -enye, "hadi" limedondoshwa, na hazina ya -mo imelala.

Ni vyema, basi, kila kamusi ya istilahi iambatanishe na istilahi zake sentensi za mfano za kupimia na za kuulizia. Mfano wa swali lililoandikwa kwa uangalifu ungekuwa huu: "Pima gramu 5.85 za chumvi. Itie katika chupa ya kipimo. Tia maji kidogo, utikise mpaka chumvi yote imumunyike. Kisha ongeza maji hadi mmumunyo ufike sentimita za ujazo 500. Katika kila lita ya mmumunyo huu mna moli ngapi za chumvi?" Uzani wa moli moja ya chumvi ni gramu 58.5. Iliyomo ni moli 0.1 katika nusu lita. Kwa hiyo katika lita mna moli 0.2. Katika swali hilo hamna neno la fahari, wala hamna neno linalofanya kazi mbili.

Sentensi za namna hiyo zisijaribiwe Dar es Salaam wala Mombasa pekee, ambako sikio la mwanafunzi hulijazia pengo la mwandishi. Zijaribiwe katika darasa la mpakani, kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Ikiwa yeye ataisoma, atapima, na atajaza hadi mstari unaotakiwa, hapo ndipo itakapofaa kusemwa kwamba Kiswahili kinaifundisha kemia.